Kizingiti cha Moyo wa Kabange

Lowesha mkanda kwanza. Naanza na hili kwa sababu haipiti wiki bila kijana fulani kunipigia simu, wa hapa Kamina au wa Kaniama, kocha mpya mwenye filimbi mpya shingoni, akilalamika kwamba saa yake inakataa kumpatia seuil ya mkimbiaji wake. Namuuliza, mkanda wa kifuani umeulowesha? Hajaulowesha. Basi, mwanangu, saa haina kosa. Ule mkanda una vipande viwili vyeusi vinavyosikiliza umeme wa moyo kupitia ngozi, na ngozi kavu haipitishi kitu. Tia maji. Maji yakiwa mbali, tia mate, wala usione haya. Mimi nimetemea mikanda mate mbele ya maofisa wa Base, kambi yetu ya jeshi, na hakuna aliyenifunga.

Jina langu la kazi ni Mama Krono. Nilipewa na watoto wa shule kwa sababu ya kronometa niliyoivaa shingoni kila mahali, hata kanisani. Nimefundisha mbio hapa Kamina mpaka magoti yakanistaafisha, na sehemu kubwa ya maisha hayo vyombo vyangu vilikuwa vitatu: kronometa, filimbi na vidole viwili. Saa hizi zenu nilikutana nazo mwishoni. Niliipata moja tu, na bado inanitisha.

Mnaniuliza seuil ni nini hasa, maana kitabu cha saa kinaieleza kwa Kifaransa cha kumpoteza mtu. Seuil ni kizingiti, kama cha mlango. Ukikimbia chini yake, asidi inayotengenezwa na misuli mwili unaweza kuisafisha, unaenda hata saa nzima. Ukikivuka, asidi inajaa kuliko mwili unavyoweza kuondoa, miguu inalewa, na kilichobaki ni kuhesabu dakika. Kila mtu ana mpigo wake wa moyo penye kizingiti hicho. Ukiujua, unajua umfundishe mtu wako kwa mwendo gani bila kumuua.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kuona saa ya namna hiyo. Tulimwita Monitere Kasongo, mtu wa reli aliyependa mbio kuliko treni. Yeye alikuwa akikitafuta kizingiti kwa Baba Yetu. Unakimbia kando yake, anakuamuru usali kwa sauti, kila mzunguko anaongeza mwendo kidogo. Mwanzoni unafika amina bila shida. Halafu sala inaanza kukatika. Anayekatikia kwenye mkate wetu, alisema, amefika mlangoni. Anayekatikia kwenye jina lako ameshavuka, mwite arudi. Mapadri hawakupenda, lakini nawaambia ukweli, njia ile ilikuwa ikikaribiana sana na mashine.

Kuhesabu mpigo pia alinifundisha yeye, baada ya kunicheka. Siku yangu ya kwanza nilimshika mkimbiaji shingoni kwa kidole gumba, nikahesabu, nikatangaza mia moja na arobaini. Yule mtu alikuwa amelala chini kivulini robo saa nzima. Monitere akasema, "Weye, ile njo moyo yako. Unamuogopa huyu kijana ao unamupenda?" Kidole gumba kina mpigo wake, kinakudanganya. Tumia cha pili na cha tatu, gusa taratibu, anza kuhesabu na sifuri.

Sasa nije kwa Kabange.

Kwetu Waluba, mapacha majina yao yanawasubiri kabla hawajazaliwa: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Mama yao hapotezi jina lake tu, anapata cheo. Anaitwa Nampasa mpaka anaingia kaburini. Na kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua: kitu ukimpa mmoja, mpe na mwingine. Nguo mbili, ndizi mbili, hata kofi, ukimpiga mmoja basi mguse na mwenzake. Mapacha wa Nampasa jirani yangu walikuwa Kyungu mvulana na Kabange msichana, na wote wawili walikuwa wakimbiaji wangu. Kyungu alikuwa na miguu mirefu na mdomo mwingi. Alipokuwa na miaka kumi na saba, siku moja asubuhi akirudi kutoka mazoezini kwenye barabara ya Base, aliketi chini penye kichuguu kikubwa ambacho watu wanachimba udongo wa matofali, na hakuinuka. Walisema malaria. Kwetu hatusemi pacha amekufa. Kyungu ameenda, ndivyo tunavyosema.

Kabange hakuacha kukimbia. Miaka miwili baadaye alikuwa na kasi ambayo sijaona hapa tangu nianze kazi. Kulikuwa na mbio za uteuzi Lubumbashi, kilomita kumi. Wanawake watatu wa kwanza wangechukuliwa na klabu yenye bweni, chakula na masomo. Kwa binti wa mama anayelima mihogo na kuuza mahindi, ule ulikuwa mlango pekee. Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Ulaya akanitumia saa moja na mkanda mmoja. Nikampa Kabange, nikipiga makofi peke yangu kama mjinga.

Nampasa alikuwa akimenya mihogo. Aliitazama ile saa, kisha akanitazama mimi.

"Kintu kimoya kwa mapasa, Mama Krono?"

"Nampasa, iko moya tu. Njo ile banatuma."

"Unajua vile inakuwaka," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Nilijua. Nilijifanya sijui, kwa kuwa nilikuwa na haraka na mbio.

Basi tukaanza kutafuta kizingiti. Sikilizeni vizuri hapa, haya mtayatumia. Saa haikupi kizingiti kwa kukimbia ovyo. Inataka dakika kumi za kupasha mwili polepole, halafu uongeze mwendo kwa hatua, kila hatua dakika nne au tano, bila kuruka, mpaka mtu hawezi kusema sentensi, kisha hawezi kusema neno. Ukienda mwendo mmoja tu haioni kitu. Mara ya kwanza Kabange alikimbia kwa hasira mwanzo mpaka mwisho, saa ikaandika seuil non détecté, yaani kizingiti hakikuonekana. Mara ya pili mkanda ulikuwa mkavu. Mara ya tatu alivaa jezi ya nailoni, na kiangazi chetu na vumbi lake jekundu kikaifanya jezi itoe cheche kila inapogusa mkanda. Dakika za mwanzo namba zikapanda bila maana. Valisheni pamba, au lowesheni jezi yenyewe.

Mara ya nne kila kitu kilikuwa sawa. Mimi na magoti yangu tulikaa kwenye kiti cha plastiki penye kile kichuguu, maana kilikuwa karibu na mwisho wa mzunguko. Ilikuwa Juni, baridi, ukungu umelala barabarani. Kabange alipotokea aliniita namba kutoka kwenye saa kama tulivyopatana. "Mia na sitini na mbili!" Hatua kumi mbele, "Mia mbili na makumi tatu na moya!"

Nikacheka. Hakuna moyo unaoruka hivyo kwa hatua kumi. "Kaza mukaba!" nikampigia kelele. Akapita na ukungu ukamfunga. Dakika mbili baadaye namba ilirudi yenyewe mia na sitini na tano. Saa haikutoa kizingiti.

Nilichunguza usiku na mchana kwa nini, na nikapata, nikajiona fundi. Saa ilikuwa imeipokea ile 231 kama kilele cha moyo wake. Kwa kuwa ilidhani anaweza kufika 231, ilikuwa ikimngoja apande karibu na huko ndipo ikubali kuhesabu. Ninyi pia mtakutana na hili: namba ya uongo ikiingia kama kilele, kizingiti hakitoki kamwe. Ingia kwenye mipangilio, ifute, andika kilele halisi. Nikaifuta.

Mara ya tano ikaruka tena. Palepale, penye kichuguu. Nikabadilisha betri, nikafuta. Mara ya sita palepale. Nikafuta. Mara ya saba nikafuta. Kila mara nilimuuliza Kabange anavyojisikia, na kila mara alisema, "Niko bien, Mama."

Pale penye kichuguu kulikuwa na mama mmoja, mke wa askari, aliyeletwa Base na uhamisho kutoka upande wa Équateur, akiuza mikate ya mafuta kwa askari wa zamu. Hakuwajua watu wa Kamina wala habari zao. Siku ile ya saba aliniuliza huku akigeuza mikate yake, "Mama, ule wa nyuma njo nani?"

"Nyuma ya nani?"

"Ya huyu mutoto mwanamuke wako. Kila siku beko babili. Huyu anapita, ule mwingine anafika pale kwenye ukungu, anasimama, anarudia. Hafikake hapa hata siku moya."

Niligeuka kutazama barabara. Hapakuwa na mtu. Nilisema labda ni askari wa mazoezi, naye akasema labda. Mikate niliyonunua sikuila, na mimi si mtu wa kuacha mkate.

Jioni ile nilivaa miwani ili nifute tena 231, na kwa mara ya kwanza nikasoma kilichoandikwa juu kabisa ya kioo saa inapowashwa. Siku zote nilikuwa naona namba tu. Kiliandikwa: Bonjour Kyungu.

Nilimwita Kabange. Hakuona aibu.

"Mama alisema kintu kimoya hakipewake mapasa. Njo nikaandika jina yake. Mukono ni yangu, jina ni yake. Sasa tuko babili ndani."

Hilo liliniogopesha, lakini niliogopa zaidi kitu kingine, nacho sikuwahi kumwambia mtu. Nawaambia leo. Wiki tatu kabla Kyungu hajaenda, nilimshika shingoni baada ya mbio, vidole viwili, kama nilivyofundishwa. Nilihesabu nikapata namba isiyowezekana, zaidi ya hamsini kwa sekunde kumi na tano. Alikuwa amesema, "Kocha, moyo inaniruka," na nikamtania kwamba ni wasichana. Nikajiambia nimepoteza hesabu, nimezeeka. Nikangoja. Nilipohesabu tena, ilikuwa ya kawaida. Kwenye daftari niliandika ile ya pili.

Zidisheni wenyewe hamsini kwa nne.

Asubuhi iliyofuata sikukaa kwenye kiti. Nilisimama katikati ya barabara, na Kabange alipotokea kwenye ukungu akiita mia mbili na makumi tatu, nilimkamata mkono, nikamsimamisha kwa nguvu na kuweka vidole shingoni mwake. Saa haikuwa imekosea. Mkanda haukuwa umekosea. Moyo ulikuwa ukikimbia chini ya vidole vyangu bila nafasi ya kuhesabu, na yeye amesimama tu, macho makavu, akinitazama. Kisha ukakatika ghafla, ukakaa, ukaanza tena polepole. Nililia palepale mbele ya yule mama wa mikate. Mara nne saa iliniambia ukweli, na mara nne niliufuta kwa kidole changu mwenyewe.

"Lubumbashi hauendi kukimbia," nikamwambia. "Tunaenda kuona munganga."

"Juu ya nini?"

"Juu ya moyo yako."

"Moyo inanirukaka tangu niko mutoto! Na ya Kyungu ilikuwa inarukaka. Iko yetu!" Alikuwa akipiga kelele sasa. "Weye ulinipa saa, weye unanikatalia mbio. Unataka nibakie hapa kumenya mihogo mpaka nizeeke?"

"Nataka uzeeke, njo."

Safari ilikuwa siku mbili za vumbi kwenye lori. Saa aliivua akaiacha nyumbani kwa mama yake pamoja na mkanda. Alisema hataki kuviona tena. Daktari wa Lubumbashi alimbandika nyaya, akamkimbiza kwenye mashine, akatazama karatasi kwa muda mrefu. Moyo wake una njia ya ziada ya umeme, akasema, mtu huzaliwa nayo. Siku nyingi haina neno, siku moja inatosha. Dawa, na mbio za mashindano basi, mpaka apatikane wa kuifunga hiyo njia. Akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuanguka ghafla. Kabange akajibu, "Pacha yangu ameenda." Daktari alikuwa Mluba. Aliandika na hakuuliza zaidi.

Siku ya mbio za uteuzi tulikuwa tumekaa kwenye korido ya hospitali tukisikia kelele za uwanjani kwa mbali. Alilia, nami nilimwacha alie.

Tuliporudi Kamina, alipita kwangu kwanza. Simu yake ilikuwa na ile programu ya saa, na nyumba yao iko nyuma ya ukuta wangu. Saa ikiwa karibu na simu inatuma yenyewe kila ilichokiandika. Tulikuwa tunakunywa chai simu ilipolia. Kabange akaitazama, akaitupa juu ya meza.

Kulikuwa na mbio nne mpya. Zote za siku ambazo sisi tulikuwa Lubumbashi. Zote zimeanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na juu ya kila moja jina lilikuwa Kyungu.

Nilivaa miwani. Programu inachora njia kwa mstari mwekundu. Siku ya kwanza mstari ulitoka nyumbani, ukafuata barabara ya Base, ukaishia hatua chache kabla ya kichuguu, ukarudi. Siku ya pili ulisogea zaidi. Siku ya tatu ulifika kichuguuni penyewe na kusimama hapo dakika sita. Moyo umeandikwa muda wote, dakika hizo sita pia, ukishuka taratibu. Siku ya nne mstari ulikipita kichuguu, ukaenda mpaka kwenye reli, ukaongeza mwendo hatua kwa hatua kama kitabu kinavyotaka. Hakuna mruko wowote. Chini kabisa: seuil détecté, 149.

"Ni yeye," Kabange akasema kwa sauti ndogo. "Anafika karibu."

Nawaambia ukweli, niliamini. Dakika mbili nzima niliamini, mimi niliyesomea shule ya masista. Halafu tukashikana mikono tukazunguka ukuta.

Nampasa alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Malengelenge yalikuwa yamejaa visiginoni. Saa ilikuwa mkononi mwake, imekaza, na chini ya blauzi mkanda ulionekana umetuna. Miaka hamsini na sita, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikimbilia hata mvua.

"Mama, ni weye?" Kabange akapiga magoti.

"Ni minyi. Na mbele ya safari yenu ni minyi nilikuwa nakufwata nyuma, kwenye ukungu. Nilikuwa naogopa pale. Nikifika karibu, miguu inakataa." Alisema na mimi sasa, bila kuinua macho. "Mulipoenda, nikasema, hii saa ni ya babili, mumoya hajaikimbia. Nikavaa. Nilimupeleka Kyungu polepole. Siku ya tatu tulikaa naye."

Nikauliza la kikocha. Nilimuuliza aliujuaje mwendo wa hatua kwa hatua.

"Si unapigaka kelele barabara nzima? Kamina yote inajua."

Kabange alikuwa ameficha uso kwenye mapaja ya mama yake. Nampasa alimshika kichwa kwa mkono wenye saa.

"Weye unajua, Mama Krono, mapasa habaliliwake. Walinikataza, ukilia unamuita na huyu aliyebakia. Miaka mbili sikutoa hata chozi moya." Akainua uso. "Sikulia. Nilikimbia tu. Ni vibaya?"

"Si vibaya, Nampasa."

"Basi kesho unisindikize. Nataka nifike mpaka kule Kyungu alikuwa anaishiaka mbio."

Magoti yangu yana miaka sabini na moja. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa mlangoni kwake, viatu nimevaa, na nilimwambia aanze polepole.